Trekta inazima kila baada ya saa moja shambani, filta zote nishabadilisha. Msaada wakuu kabla sijafungua pampu

Visiki_Vingi:
Wakuu habari za muda huu. Nina trekta ya zamani, dizeli, silinda 3, haina mbwembwe yoyote. Nimeiingiza kwenye pori lililolala miaka mingi, yaani vichaka, miiba, visiki vya kila saizi na mawe yamejificha kwenye nyasi ndefu huyaoni mpaka uyagonge. Natanguliza slasha kufyeka, nikimaliza kipande narudi na jembe la sahani.

Siku ya kwanza imepiga mzigo mpaka jioni hakuna shida. Siku ya pili ndo vituko vikaanza. Inafanya kazi dk 40, ikijitahidi saa nzima, alafu mlio unaanza kushuka taratibu kama mtu anayeishiwa pumzi, nakandamiza moto haiitiki, inazima. Nikikaa kama dk 10 nikipiga stata inawaka mara moja utadhani hakuna kilichotokea, nafanya tena robo saa au nusu saa, inazima. Jana imenifanyia hivyo mara 6 nikaacha trekta porini nikarudi kwa miguu.

Fundi kaja kabadilisha filta zote mbili za dizeli, katoa hewa, ikapiga saa moja fresh, ikazima tena. Sasa anasema pampu, tuifungue ikapimwe. Nimeona niulize humu kwanza maana pampu ikishafunguliwa ni safari nyingine.

kijana_wa_spana:
Pampu hiyo mkuu usizunguke. Dalili zote za pampu hizo. Fungua tu.

FundiMstaafu:
Mkuu Visiki, usiifungue kwanza. Pampu ya dizeli iliyochoka nayo huwa inasumbua ikipata moto, ila tabia yake ni kwamba ikizima na moto wake haitaki kuwaka mpaka ipoe kweli kweli, wengine wanaimwagia maji ya baridi ndo iwake (usifanye hivyo). Yako unapumzika dk 10 tu, injini bado ya moto, inawaka mara moja. Pampu haiponi kwa dk 10. Kinachopona kwa dk 10 ni njia ya mafuta.

Naomba majibu ya maswali haya:
Ikizima, ukifungua mfuniko wa tanki unasikia sauti ya kuvuta hewa, fyuuu?
Inazima tanki likiwa limejaa au likiwa nusu?
Moshi kabla ya kuzima ni mweusi, mweupe au hamna kabisa?
Mafuta unajazaje huko porini?

Visiki_Vingi:
Mzee shikamoo, nashukuru kwa kujibu.
Mfuniko sijawahi kuufungua ikiwa imezima, kesho naangalia. Inazima hata tanki likiwa limejaa. Moshi hamna, inakata tu kimya kimya, ila dakika ile ya mwisho unatoka mweupe kidogo kidogo. Mafuta najaza kwa madumu nabeba kwenye trela, ya lita 20.

FundiMstaafu:
Marahaba. Moshi hamna maana yake mafuta hayafiki. Ingekuwa inakosa hewa au imezidiwa mzigo ungeona mweusi. Kesho fanya hivi, beba spana ya nati ya bomba la tanki na kopo safi. Ikizima tu, usisubiri hata dk 2, fungua mfuniko usikilize. Kama kuna fyuuu, kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kimeziba, tanki linabaki linanyonya utupu mpaka mafuta yanagoma kushuka. Kama hamna fyuuu, acha mfuniko wazi, legeza bomba pale linapotoka kwenye tanki chini ya koki uone mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake au yanachuruzika kama machozi. Kipimo hicho hakidanganyi, ila kifanye PALE PALE. Ukienda kunywa maji ukarudi kitakuonyesha kila kitu kizima.

Haro_Mama:
Haya ya mfuniko ni kweli kabisa, mimi wangu uliziba na tope la nyigu. Nyigu kajenga nyumba kwenye kitundu kidogo vile.

Ila mkuu Visiki kabla hujatangulia mbele, rejeta umeiangalia? Maana unafyeka nyasi ndefu zenye mbegu, zile mbegu zenye manyoya zinaenda kujishindilia kwenye mapezi ya rejeta, kwa nje unaona safi kumbe katikati ni blanketi. Mimi injini ilichemka nikabadilisha themostati, nikabadilisha fenibelti, bado inachemka. Siku nimepiga maji nikitokea upande wa feni kwenda nje ukatoka uchafu wa kujaza karai. Ukipiga maji kutokea mbele unazidi kuushindilia ndani. Na maji yasiwe ya presha kali mapezi yanalala.

Visiki_Vingi:
Dada Haro asante, rejeta napuliza kila jioni ila nilikuwa napuliza kutokea mbele 😅 kesho nabadilisha upande.

kijana_wa_spana:
Mnamzungusha tu mwenzenu.

Dereva_Porini:
@kijana_wa_spana tulia kwanza mdogo wangu, hapa kuna mtu anayejua anachosema.

Mkuu Visiki mimi nimeendesha kwenye mashamba mapya miaka mingi, nikwambie kitu ambacho hujauliza. Hivyo visiki vidogo vya vichaka, hao vijana wanaokutangulia na mapanga wanakata kwa mshazari eeh? Kile kisiki cha unene wa kidole gumba kilichokatwa mshazari ni mkuki, kikikauka kinaingia kwenye tairi kama msumari na mara nyingi kinaingia pembeni kwenye shavu la tairi ambapo hapazibiki. Waambie wakate usawa wa ardhi, flati, au wang'oe kabisa. Mimi nilitoboa tairi la nyuma mara 2 ndani ya wiki moja, na lile tairi tulikuwa tumelijaza maji robo tatu kwa ajili ya uzito, siku lilipotoboka maji yote yakamwagika pale pale trekta ikalala kwenye matope iliyojitengenezea yenyewe. Kutoa tairi la nyuma porini, ardhi laini, jeki inazama... ilibidi tuchimbe chini ya tairi badala ya kuinua trekta. Tukaweka magogo chini ya ekseli alafu tukachimba. Inachekesha ila ndo njia salama kuliko jeki inayoyumba.

Visiki_Vingi:
Hiyo ya kuchimba sikuwahi kuiwaza aisee.

Sasa mrejesho. Leo imezima saa 4 na dk 20 asubuhi. Nimeruka chini fasta, mfuniko nimefungua, HAMNA fyuuu. Nimelegeza bomba chini ya koki, mafuta yanatoka tone, tone, tone. Tanki limejaa! Nikabaki naangalia tu. Baada ya kama dk 5 hivi, sijagusa kitu, yakaanza kutoka mengi yenyewe shwaaa mpaka kopo likajaa na mkono ukalowa wote.

FundiMstaafu:
Umeipata mkuu. Kuna kitu ndani ya tanki. Kinaelea, pampu ikinyonya kinasogea taratibu mpaka kinakaa kwenye mdomo wa koki kinaziba. Injini ikizima hakuna kinachovuta, kinaachia, kinaelea tena. Ndo maana inapona yenyewe. Ingekuwa matope au kutu mara nyingi ingeziba moja kwa moja isingeachia.

Mwambie fundi wako pampu aiache ilale. Mwaga mafuta yote kupitia koki kwenye vyombo safi, toa koki yenyewe, angalia kama kile kichujio cha waya kilichosimama juu yake kipo. Alafu tafuta mgeni ndani. Tochi yoyote itumike ila moto wa kuwasha marufuku.

Na jibu swali langu vizuri. Nilikuuliza mafuta unajazaje, ukaniambia dumu. Faneli ina wavu? Dumu lina kizibo?

Visiki_Vingi:
Mzee faneli haina wavu. Kizibo cha dumu moja kilipotea siku ile ya kwanza kwenye kurukaruka kwa trela, tukaziba na... ngoja nikaangalie tanki kwanza ndo nijibu 😶

Haro_Mama:
😂😂😂 mkuu ameshajijua

Dereva_Porini:
Wakati tunamsubiri mwenzetu, nani kati yenu anatumia slasha yenye bolti ya kukatika? Nina ushuhuda. Ile bolti laini inayounganisha shafti ya PTO (ile inayotoa mzunguko wa injini nyuma ya trekta kwenda kwenye zana) na giaboksi ya slasha imewekwa pale ili ikatike, kazi yake ni hiyo tu, ukigonga kisiki yenyewe inakatika, unatoa unaweka nyingine dk 5 unaendelea. Mimi nilichoka kuibadilisha, kwa siku zilikuwa zinakatika 4 hadi 5, nikaona isiwe tabu nikaweka bolti ngumu iliyoandikwa 10.9 kichwani. Kweli haikukatika tena. Kisiki cha kwanza kilichofuata, meno ya giaboksi ndo yakakatika. Mlio wake sijausahau, kama mtu anatafuna mawe. Kazi ikasimama wiki 3 natafuta giya.

Afu nilipokaa nikatafakari, bolti 5 kwa siku ilikuwa inaniambia kitu, kwamba nakwenda kasi kwenye sehemu nisiyoijua na visu nimeviweka chini mno. Nilipopandisha slasha juu kidogo mpita wa kwanza, nikashuka kutembea kwa miguu na fimbo kuweka alama kwenye visiki vikubwa na mawe, zilianza kukatika moja kwa siku mbili.

Haro_Mama:
Yangu haina bolti, ina klachi ya kuteleza kwenye shafti, zile plate zinazobanwa na springi. Nayo ina ugonjwa wake, ikikaa msimu mzima nje inaganda kwa kutu, siku ya kugonga kisiki haitelezi inakuwa kama chuma kimoja. Kila mwanzo wa msimu nalegeza springi zote, nachora mstari wa chaki kwenye plate, nawasha PTO sekunde 2 tu, mstari ukikatika najua imeachia, nazima kila kitu ndo nakaza tena kwa kipimo kile kile cha mwanzo.

Na hapo kwenye shafti tafadhali jamani kava lake lisitolewe. Mizunguko 540 ya PTO kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja, kipande cha nguo kikishika hakuna binadamu anaweza kuvuta mkono kwa spidi hiyo. Nimeona mtu ametolewa koti, shati, kila kitu, bahati nguo zilikuwa zimechakaa zikachanika zenyewe la sivyo.

mgeni_shamba:
Samahani naingilia, mimi navuta visiki kwa mnyororo, trekta inanyanyuka mbele kidogo kila nikivuta, ni kawaida au klachi yangu inashika vibaya?

FundiMstaafu:
Simama hapo hapo usivute tena leo. Mnyororo umeufunga wapi?

mgeni_shamba:
Kwenye ile pin ya juu ya mkono wa katikati, ndo nimeona iko imara

FundiMstaafu:
Mdogo wangu, shusha mnyororo leo hii ufunge kwenye drooba, ile bapa ya chini kabisa, chini ya ekseli ya nyuma. Ukifunga juu ya ekseli, kisiki kikigoma matairi hayawezi kuzunguka basi trekta yenyewe ndo inazunguka kwenye ekseli yake, mbele inapanda inakuja kukulalia mgongoni. Inafika pabaya chini ya sekunde moja, na ndani ya kama sekunde moja na nusu imeshapinduka. Huwahi klachi, usijidanganye.

Harry Ferguson, yule mvumbuzi wa matrekta, alipohangaika na mikono mitatu ya haidroliki, tatizo mojawapo alilokuwa analipigania ni hilo hilo, jembe likinasa kwenye kizuizi trekta ibanwe chini isipinduke. Lakini mikono ile ni ya zana zilizotengenezwa kwa ajili yake, sio ya mnyororo.

Kingine, chimba kisiki pembeni ukate mizizi mikubwa kwa shoka kwanza, vuta taratibu giya ya chini, usikimbize trekta mnyororo ukiwa umelegea ukategemea kishindo. Mnyororo ukikatika unarudi kama nyoka. Watu wote wawe mbali. Na kama trekta ina lile fremu la kuzuia kupinduka, funga mkanda. Uswidi waliliwekea sheria kwa matrekta mapya tangu 1959, vifo vikashuka, sio urembo ule.

mgeni_shamba:
Daah. Asante mzee. Nimeshusha.

Dereva_Porini:
Haya ya kung'oa visiki yananikumbusha Kongwa, ule mradi wa karanga wa mkoloni ulioanza 1947. Waliingia pori na matrekta ya mtumba, mengine masalia ya vita, wakachukua hadi vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta, wakafunga mnyororo kati ya mashine mbili wanaburuza miti. Mizizi, vumbi na udongo mgumu ukiwa mkavu vikayamaliza matrekta. 1951 wakafunga virago. Kwa hiyo mkuu Visiki usijisikie vibaya, serikali nzima ilishindwa kazi yako hiyo hiyo.

kijana_wa_spana:
Hahaha sasa hapo umemfariji au umemkatisha tamaa

Visiki_Vingi:
Wakuu nimerudi. Nimechafuka dizeli mpaka kwenye viatu.

Nimemwaga tanki lote, nikatoa koki. Kichujio cha waya hamna kabisa, sijui kilitolewa lini na nani, labda hata mwenye trekta kabla yangu. Nikamulika ndani sioni kitu. Nikaingiza waya nimeukunja mbele kama ndoano, nikapapasa pembeni ya kile kizuizi cha katikati ya tanki, kikatoka kitu cheusi laini kama ngozi. Jani. Jani zima, pana kama kiganja, limelowa dizeli limekuwa kama plastiki. Nikaendelea, likatoka la pili na nusu ya la tatu.

Sasa mzee naomba nijibu swali lako. Kizibo cha dumu kilipopotea tuliziba mdomo na majani, tukayasokota tukayashindilia. Na wakati wa kumimina tulikuwa tunayavuta, yakichanika mengine yanabaki humo humo ndani ya dumu yanaingia na mafuta. Ni mimi mwenyewe niliyemwambia kijana azibe hivyo, kwahiyo hakuna wa kumlaumu.

FundiMstaafu:
Usijilaumu sana, mimi nimewahi kukuta soksi.

Sasa ukishafunga koki toa hewa vizuri, kwa mpangilio. Anza na skurubu ya juu ya filta, piga ile pampu ndogo ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, funga. Ikiwa mkono unaupiga hauna uzito wowote, zungusha injini kidogo, kem (ile inayosukuma hiyo pampu ndogo) imekaa vibaya. Kisha skurubu za pampu kubwa, ya chini kwanza ndo ya juu. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, mbili zinatosha, piga stata mpaka zitemee, kaza. Stata usiishikilie zaidi ya sekunde 10 au 15, ipumzishe, utaichoma bure. Na mkono usiweke mbele ya nozeli au bomba linalotema kwa presha, dizeli inapenya ngozi huisikii vizuri, kesho yake mkono umevimba na ni kesi ya upasuaji wa haraka. Hata haidroliki ikivuja kitundu kidogo, tafuta kwa kipande cha boksi sio kwa kidole.

Haro_Mama:
Na hizo filta mpya ulizoweka angalia bakuli la chini, majani yaliyochanika lazima vipande vimefika huko.

Visiki_Vingi:
Vipo dada, vipande vidogo kama majani ya chai.

Update ya leo: imepiga kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni, nimezima mwenyewe kwa funguo. Fundi wangu kafika, nimemuonyesha majani, kacheka afu kanyamaza kidogo akasema "basi pampu tuiache". Faneli nimeishonea wavu wa chujio la chai mbili, moja juu ya nyingine. Kichujio cha koki nimeagiza.

Ila katika kufurahi nimegonga jiwe, rodi ya stelingi imepinda kama upinde, magurudumu ya mbele yanaangaliana. Nimeitoa, kesho nainyoosha ikiwa baridi kati ya magogo mawili, mzee usiniambie niipashe moto najua itakuwa laini.

FundiMstaafu:
Sijasema kitu 😄 Inyooshe hiyo ikufikishe tu, alafu weka mpya, chuma kikishakunjwa mara moja kinajua njia. Kabla hujafunga pima kwa kamba, mbele ya matairi na nyuma ya matairi, mbele pawe pembamba kidogo sana kuliko nyuma. Na rodi endi, vile viungo vya mwisho wa rodi, angalia kama zina mchezo.

kijana_wa_spana:
Mi nakubali, haikuwa pampu.

Dereva_Porini:
Na kizibo cha dumu kilipatikana?

Visiki_Vingi:
Chini ya kiti cha trekta mkuu. Kilikuwa hapo siku zote nimekikalia.